Kibao cha Mwari

Enzi wavuvi wa ziwani walipokuwa na mabawa na magamba, Mnandi, ndege mzamiaji hodari, alifariki. Chama cha wavuvi kikaamua kila mwanachama ampandie mti wa kumbukumbu.

Mwari, ndege mwenye mdomo mrefu na majivuno marefu zaidi, alipanda mkuyu ufukweni akausimamishia kibao. Juu aliandika MWARI kwa herufi kubwa; chini, kwa herufi ndogondogo, “amempandia marehemu Mnandi.”

“Hata wa ng'ambo wataniona,” alijisemea.

Walimwona kweli. Kesho yake, kwenye jiwe lake la kuvulia, alimkuta Kenge amekaa analia.

“Shuka, jiwe hilo ni langu!”

“Lilikuwa lako, bwana. Tumesoma kibao chako toka mbali, tukaona jina lako tu, tukakulilia, kisha chama kikanipa mimi jiwe.”

“Nimekufaje, nami nazungumza nawe?”

“Hayo siyajui. Chama kinafuata maandishi.”

Mwari alibembeleza, akafoka, njaa ikamzidi. Mwishowe alirudi mkuyuni, akafuta maandishi yote, akaandika MNANDI kwa herufi kubwa, basi. Kenge alisoma akiwa palepale jiweni, akafuta machozi, akashuka.

“Karibu tena duniani, bwana.”