Mkundekunde wa Uani

Ua wa Bi Mwanakombo ulikuwa mdogo, ukitosha mti mmoja tu mfupi: mkundekunde, alioupanda mumewe kando ya jiwe alilozoea kukalia akitawadha. Jirani yao, Mashavu, aliwaonya mapema. "Mti huu hauchanui mpaka uone kiu. Mkiumwagia maji ya udhu kila siku, mtaambulia majani." Mume alicheka, akaendelea kutawadha palepale. Wakaambulia majani.

Mumewe alipofariki, Bi Mwanakombo hakuumwagia tena hata tone. Kiangazi kikaingia, mikundekunde ya mji mzima ikapukutisha majani na kujaa maua ya manjano. Wake ukabaki kijani. Kila siku, adhana ya alasiri ikishapita, alikuta udongo kando ya jiwe umelowa. Hakumwambia mtu. Akawa anaingia ndani mapema, kumpisha anayetawadha.

Leo Mashavu alichungulia juu ya ukuta. "Hongera, shoga. Mti wako umechanua."

Kweli, tawini palikuwa na kishada kimoja cha manjano. Bi Mwanakombo aliinama akagusa udongo. Ulikuwa mkavu, na wa moto.

"Mbona hufurahi?" Mashavu akauliza.

 Bi Mwanakombo alijaza birika maji, akaliweka kando ya jiwe, kishikio kikielekea upande aliozoea kukaa mumewe. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango wa uani, akaketi nyuma yake. Adhana ya alasiri ilipoanza, alibana pumzi, akasikiliza.