Mrithi wa Bwana Kovacs

"Mama, marehemu Bwana Kovacs alikuandika wewe mrithi wa akiba yake ya kustaafu," alisema karani wa kiwanda cha matairi, hapa mjini Akron.

Nilidhani amekosea mtu. "Mimi namimina kahawa kantini tu. Hakuwa na mke? Hata ndugu?"

"Angekuwa na mke, sheria ingempa mke kwanza. Jina ni moja tu, lako. Ukikataa, tutaanza kutafuta ndugu, na sidhani kama tutampata mtu."

Akanisogezea fomu. Mzee alikuwa ameikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Penye uhusiano, ambapo watu huandika mke au mtoto, yeye aliandika: "Hunijulia hali kila asubuhi."

Ni kweli. Kwa miaka kumi na moja nilimwambia, "Za leo, mzee?" huku macho yangu yakiwa kwa mtu aliye nyuma yake kwenye foleni.

Nilijaribu kukumbuka alikuwa akinijibu nini. Sikupata hata neno moja.

"Basi, utatia saini?"

"Kwanza niambie amezikwa wapi."

Karani hakujua.