Pasha Juu ya Farasi Mweupe

"Kidevu juu! Tumbo ndani!"

Ilikuwa siku ya tatu mchoraji wa Kifaransa anamfokea Pasha hadharani, na Pasha anatii. Watu uwanjani waliinamisha vichwa, wanacheka kimoyomoyo. Vichwa viliinama kwa sababu nyingine pia: kumkodolea Pasha macho ni kujitafutia viboko.

Picha hiyo ya mafuta ilikuwa zawadi kwa mfalme wa Ufaransa. Joho jeupe, mwavuli mwekundu, farasi mweupe. Upanga mchoraji alikuja nao mwenyewe kutoka Paris. Alisema wa hapa hautishi vya kutosha.

Ghafla Mama Itto akapenya katikati ya walinzi, akang'ang'ania kikuku cha tandiko, pale mguu wa Pasha ulipokanyaga. Walinzi wakarudi nyuma. Kwa desturi ya huko, aliyeshika kikuku cha mtawala hapigwi, sharti asikilizwe, na neno likishatoka juu ya farasi halirudishwi hata na wajukuu.

"Mwanangu Buchta, bwana wangu! Kesho anapelekwa gereza la pwani. Huko watu hawarudi!"

"Wee mama, toka!" Mfeddal, katibu wa Pasha, alifoka. "Huoni Pasha anachorwa?"

"Amefanya nini?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Alisema farasi wa Pasha wanakula shayiri, watu wanakula magugu," katibu akajibu.

"Kwani uongo? Tena shayiri iliyopepetwa. Mfungulieni."

"Bwana wangu..." Jasho lilimtiririka katibu. "Tafadhali, kumbuka nafasi yako."

"Nafasi yangu leo ni hapa juu. Mfungulieni, nimesema."

Mkalimani aliyesimama kando ya mchoraji alikwisha kumweleza Mfaransa huyo maneno hayo, naye akapiga makofi huku machozi yakimlengalenga. Haki kama hii, alisema, lazima mfalme aisikie! Katibu alimtazama mgeni, akatazama dirisha la kasri lililofungwa, akamtazama tena mgeni. Ndivyo walivyo wakubwa. Wewe ukilia wana masikio ya mawe, mgeni akipiga makofi wanakuwa mawalii. Katibu akapiga muhuri hati ya kumwachilia Buchta.

Buchta alitolewa, alama za minyororo miguuni. Mama yake akamshika mkono, wakashika njia ya milimani. Hata nyumbani kuchukua mkate hawakupita.

Mfaransa akaosha brashi zake, akaenda kunywa chai ya mnanaa. Walinzi wakafunga lango. Katibu akalivuta lile joho kwa hasira, nusura alichane, kisha akatupa sepetu miguuni pa farasi.

"Shuka, Hammu, mshenzi wee! Siku ya tatu leo banda la farasi halijazolewa mavi, na Pasha mwenyewe yu karibu kuamka."