Vidole vya Mama wa Vifuniko

Kisahani namba kumi na saba kilikuwa kimechafuka tena.

Mwanafunzi alikitoa kwenye kabati la joto la maabara, akakigeuza juu chini, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Pale vidole vitano vya mfanyakazi vilipogusa siku ya kupimwa usafi, madoa ya manjano yalikuwa yameota, makubwa kama punje za mtama. Vimelea vya namna hiyo alivijua kwa majina tangu mwaka wa pili chuoni. Mwenye vidole alimjua zaidi. Alikuwa mama yake mzazi.

Chuo ndicho kilichomleta kwenye kiwanda hiki cha maziwa, afanye kazi mwaka mzima kabla ya kumaliza shahada yake ya biolojia. Hakukichagua. Mama alikuwa amefunga vifuniko vya chupa humo miaka kumi na tisa, na vifuniko hivyo ndivyo vilivyomsomesha.

Siku ya kwanza tu, mama alimpungia mkono kutoka kwenye mashine, meno yote nje. Wenzake wa maabara wakacheka.

"Bwana msomi, umeshapata mchumba! Yule mama unamjua?"

"Simjui," alisema. "Kanifananisha."

Mashine ilikuwa imesimama wakati ule. Sauti ilimfikia mama.

Tangu hapo mama hakupunga tena mkono. Nyumbani walikula meza moja kama kawaida, wala hakuligusia jambo hilo. Kiwandani alimwita "daktari", naye mwanawe akampita bila shikamoo, uso ukimwiva. Mara moja tu, akiosha vyombo, mama aliuliza:

"Eti hivyo visahani vyenu, mtu akikutwa na uchafu mara ngapi ndiyo anaondolewa?"

"Mara mbili kwa mwezi. Lakini we mama, mikono yako unaisugua mpaka inachubuka, una wasiwasi gani?"

Sasa ndiyo hii, mara ya pili. Na juzi alipompima, alimwona akinawa baadaye muda mrefu kuliko wote, hata foleni ikanung'unika.

Alishika kalamu. Angeandika "safi", nani angejua? Angeandika "chafu", na kesho asingelazimika kupita mbele ya ile mashine akitazama viatu vyake. Wazo hili la pili lilimpa nafuu kidogo. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

Akaandika "chafu".

Mkuu wa maabara, mwanamke asiye na maneno mengi, alimwita mama wa vifuniko.

"Mama, sheria unaijua. Miaka yote hii hukuwahi kukutwa na hata doa moja. Kulikoni?"

"Uzee, bosi. Mnisamehe. Buti nitazirudisha leo leo."

Akavua aproni, akaanza kuikunja pembe kwa pembe, taratibu, vile anavyokunja mashati ya mwanawe ya kwendea chuo.

"Shikamoo, mama," ikamtoka kijana.

Maabara nzima ikageuka.

"Bosi, huyu ni mama yangu. Mzazi. Siku ya kwanza nilimkana mbele ya hawa wote. Naomba apimwe upya, na umpime wewe, siyo mimi."

Mkuu akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Pua ni moja kweli," akasema. "Haya. Kesho asubuhi, mama, uje na hivyo vidole." Akaenda zake.

Mama alimvuta kijana kwa koti lake jeupe hadi nyuma ya mlango. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hasira pia.

"Wewe mtoto, si ungesema mapema! Mara mbili nimechovya mkono kwenye mtaro wa maji machafu kabla hujanipima, ili waniondoe. Unadhani nilikuwa nacheza?"