Sura Mbili Ubaoni

Kijiko kiligonga bakuli gizani, kikanyamaza, kisha kikagonga bakuli la pili. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, lakini Morenike hakuhitaji taa kupakua maharage. Bakuli la binti yake Taiye aliliweka mkekani. La Kehinde, pacha wa Taiye, akaliweka kando ya hilo na kulizidishia mawese, maana Kehinde hapendi maharage makavu.

"Kuleni," alisema taratibu. "Leo tuna mgeni."

Mgeni alifika jua likichomoza, makopo ya rangi yakigongana nyuma ya pikipiki yake. Alikuwa Lasisi, mchoraji wa mabango kutoka upande mwingine wa Ibadan. Hakuingia kibandani, pale Morenike alipouzia maharage. Alivuka barabara, akageuka, akafumba macho nusu na kuutazama ubao wa Morenike kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto.

"Iya Ibeji!" aliita, jina analoitwa na mtaa mzima, mama wa mapacha. "Ubao wako mgonjwa."

"Ndiyo maana nimekuita, daktari. Taja dawa."

"Nikifumba macho hivi, kinachobaki ndicho anachokiona mpita njia. Kwako inabaki kutu. Na maneno yamebanana kama wageni kwenye picha ya harusi. Maharage ya Mapacha, Matamu, Moto, Karibuni Wote, Mungu Hachoki... Mwenye njaa atasoma yote hayo? Si atazimia hapo hapo barabarani!"

Morenike alicheka bila kutaka. Jirani wa ng'ambo ya barabara, naye muuza chakula, alikuwa ametundika bango jipya la kuchapwa kwa mashine, linang'aa hata mchana, na tangu hapo sufuria la Morenike lilikuwa likirudi nyumbani limejaa nusu.

Lasisi alirudi akipangusa jasho. "Herufi nene, njano juu ya kijani. Bakuli moja linalofuka moshi. Rangi hizo hizo kwenye aproni yako na kwenye mabakuli, mtu akiona kijani anasikia njaa. Na sura moja tu."

"Mbili."

"Nisikilize, mama. Sura moja inakaa kichwani mwa mtu. Mbili zinagombania ubao. Chagua binti mmoja, si wanafanana? Nani atajua?"

"Nitajua mimi." Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Wewe si mtoto wa Kiyoruba, Lasisi? Hukufundishwa nyumbani? Pacha hapewi kitu peke yake. Ukimsahau mmoja, umewapoteza wote wawili."

Hata biashara ilikuwa yao. Walipozaliwa, mama mkwe wake ndiye aliyemwambia apike maharage auze, kwa kuwa ndiyo kazi inayowafurahisha mapacha. Morenike hakuwahi kuliona lile sufuria kuwa lake. Yeye alikuwa mpakuaji tu. Ubao ukipoteza sura moja, wateja wangerudi labda, lakini angewauzia nini, na kwa jina la nani?

Lasisi akanyanyua mikono. "Basi mbili. Usinipige na mwiko." Akausogelea ubao, akafuta vumbi kwa kidole. "Ila hawa ni watoto wa kubebwa mgongoni bado. Ubao usipokua na wenyewe, watu hudhani biashara imelala. Wana miaka mingapi sasa?"

"Sita."

"Tazama. Huyu ana kishimo shavuni, huyu hana. Fundi aliyenitangulia hakuwa mvivu. Na mimi sitachora mmoja halafu nimrudie mara mbili. Nataka kila mtoto akae mbele yangu."

Morenike alikuwa akifuta mwiko uliokwisha kuwa safi. Aliendelea kuufuta.

"Mmoja mmoja," alisema mwishowe.

"Ndiyo vizuri. Wakikaa pamoja watachekeshana."

Taiye akaja amevaa gauni jipya la njano, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Lasisi alikuwa mtu wa maneno hata brashi ikiwa mkononi.

"Haya, bibi mdogo. Wewe ndiye dada mkubwa?"

"Hapana. Kehinde ndiye mkubwa. Alinituma mimi nitangulie kuonja dunia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tamu. Ndiyo akaja."

Lasisi akacheka. Morenike aliinama kuupuliza moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Na mbona simsikii huyo mkubwa wako? Yuko wapi?"

"Kaenda sokoni," alisema Taiye.

Brashi ilisimama. Lasisi akamtazama mtoto, akautazama mgongo wa mama pale mekoni, kisha akachovya rangi na kuendelea. Kwa Wayoruba, pacha hasemwi amekufa; husemwa kaenda sokoni. Alichora nyusi, akachora msuko mmoja mmoja, polepole kuliko alivyoanza. Wateja wawili walikuja wakala wakaondoka, wakisifu ile njano.

Alipomaliza, aliiosha brashi kwa muda mrefu, mpaka maji yakabaki meupe.

"Iya Ibeji," aliita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyevua viatu mlangoni. "Niletee na Kehinde."

Morenike aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba gauni la kijani, limenyooshwa kwa pasi, limeshonwa kwa kipimo cha Taiye. Nyuma yake hakufuata mtu.

Taiye akashuka kwenye kigoda, akamgeuzia mama yake mgongo ili amfungue vifungo, na akamwinulia mchoraji macho.

"Mjomba, Kehinde pia ni mimi."