Kidole cha Wasike

Miaka ishirini katika karakana yake ya redio hapa mtaa wa Huruma, fundi Wasike alipima transista kwa kidole: ikimchoma, umeme umezidi. Ncha ya kidole hicho ilikuwa imekomaa kama kwato. Leo kwaya ya Kiplombe ilimpita na amplifaya yao, ikaipeleka meza ya pili, kwa yule dada aliyetoka chuo juzi na kalkuleta yake.

"Mzee, niangalizie, nakimbia kununua waya," dada alisema, akatoka.

Amplifaya iliimba bila mkwaruzo. Wasike akaigusa transista. Ilikuwa vuguvugu tu, kama shavu la mtoto. Wivu ukamshika.

Alichukua bisibisi, akaizungusha ile skrubu ndogo inayoipimia transista umeme wake. Nusu mzunguko tu, umeme ukazidi. Jumapili amplifaya ingeungua, kwaya ikiwa katikati ya wimbo.

Dada akarudi akihema, karatasi yake ya hesabu mkononi.

"Hesabu inasema inakuza sauti mara arobaini, na haitapata joto. Lakini mimi siwarudishii kabla hujaigusa, Mzee. Hicho kidole chako ndicho naamini."

Wasike aliweka kidole. Transista ilikuwa imeshaanza kuchoma.

"Iko sawa?"