Mlango wa Jongoo

Zama zile wanyama wadogo walipolala shimo moja, Jongoo alikuwa mkalimani wa mlango wa chini. Kila jioni kitu kiligonga kutoka ardhini, naye akakijibu kwa miguu yake. Wengine hawakuijua lugha ile. Mama Panya alimpenda Jongoo, kwa kuwa alipopita kwenda kazini alinyata asiwaamshe wanawe.

Siku moja Mzee Nungunungu, mkuu wa shimo, akasema, "Jongoo, mlango wako tunauziba."

"Kwani umeharibika, mzee?"

"Hata. Lakini nani amewahi kumwona huyo mgeni wako? Mlango usio na wapitaji ndio siafu waupendao."

Wakauziba kwa udongo mzito. Jongoo akaenda zake nje.

Jioni ile kitu kikagonga. Kesho yake kikagonga tena, kwa unyonge, chini ya malazi ya watoto wa Mama Panya. Mama mtu akatoka mbio, akamrudisha Jongoo mgongoni.

Jongoo akalaza kichwa sakafuni. "Anauliza, 'Bado mpo, wanangu? Kama mpo, nitaendelea kuibeba sakafu yenu. Mkinyamaza nitajua mmehama, nami nipumzike.'"

"Mjibu basi, mjomba!"

Jongoo akagonga kwa miguu yote, lakini ule udongo mzito ukaimeza sauti. Nungunungu mwenyewe akauparura kwa kucha, akilia, "Tupo! Tupo!"

Chini kabisa kitu kikubwa kikashusha pumzi, kama mchukuzi anayetua mzigo, na sakafu ikaanza kushuka, polepole, kwa upole.